Korido ya Fundi Pindo

Katika nyumba zote alizowahi kupanga Fundi Pindo, ukifungua mlango umeshafika. Hakuna safari. Unaingia, unakanyaga kiatu cha mtu, unainua mguu, unakuta kitanda, unageuka, unakuta cherehani. Alizaliwa katika chumba cha namna hiyo, akaoa katika chumba cha namna hiyo, na sasa, akiukaribia uzee, alikuwa anaishi katika vyumba viwili vya namna hiyo pamoja na mkewe, binti yao na mama mkwe. Mtu akipiga chafya chumba hiki, pole inatoka chumba cha pili.

Kwa hiyo siku alipokwenda kuchorewa ramani ya nyumba yake mwenyewe, na mchora ramani akamuuliza anataka nyumba ya namna gani, hakuhitaji kufikiri.

"Yenye korido," alisema.

Mchora ramani, kijana wa miwani mwenye ofisi juu ya duka la dawa, aliandika "korido" kisha akangoja.

"Na nini kingine?"

"Kingine muulize mke wangu."

Tamaa hiyo aliipata zamani, akiwa bado anajifunza kushona, alipotumwa kupeleka suti nyumbani kwa hakimu. Mlango ulifunguliwa, akaambiwa asubiri. Zikaanza kusikika ndala, mbali, pa, pa, pa. Kisha kikohozi. Kisha ndala tena. Hakimu alipotokea mwishoni alikuwa na sura ya mtu aliyetoka mahali fulani. Na alikuwa ametoka chumbani tu. Tangu hapo Pindo alitamani na yeye siku moja asikike akija. Katika vyumba vyake viwili hakuna mtu aliyewahi kusikika akija, kwa sababu kila mtu alikuwepo tayari.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Mafundi wengine wa mji ule walikata kitambaa kikiwa kimemkaba mtu, wakachukua vipande vilivyobaki. Yeye aliacha. Ndani ya kila suruali yake kulikuwa na upindo wa kutosha kumlea mvaaji mpaka kitambi. Sare za shule alizoshona zilirithiwa na wadogo, zikafunguliwa, zikashushwa, zikarithiwa tena. Na hakuna nguo iliyotoka dukani kwake kabla ya kupigwa bandi, ile mishono mirefu ya muda, na mwenye nguo kuivaa, kuketi nayo, kuinua mikono na kusema inapombana. "Nguo haisomwi," alikuwa akiwaambia wateja wenye haraka. "Nguo inavaliwa."

Mji wenyewe ulikuwa mji wa mkoa, wenye chuo kimoja, benki chache na taa za barabarani ambazo madereva waliziheshimu askari akiwa karibu. Watu wake walikuwa wanajenga. Kila aliyekuwa na kazi alikuwa pia na kiwanja, na kila mwenye kiwanja alikuwa na maoni kuhusu kokoto. Pindo alikuwa na kiwanja nyuma ya karakana ya mabasi, na fedha alizoziweka benki miaka mingi kwa jina la mkewe, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa na udhaifu wa kununua bitana nzuri, kitambaa cha ndani ya koti.

Mkewe alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno. Kazi hiyo ilikuwa imempa sauti moja ya upole usiotikisika, ambayo aliitumia kwa watu wenye maumivu na kwa mumewe. Pindo alipomwambia juu ya korido, alijibu, "Ombi lako limepokelewa," na Pindo akajua kwamba anatakiwa kukaa na kusubiri.

Makadirio ya gharama yalikuja yakiwa na kurasa nyingi kuliko ramani. Pindo aliyasoma dukani kwake, kati ya mteja na mteja, na mwanzoni hayakumuumiza. Milioni hazikumwambia kitu. Hakuwahi kuona milioni ikiingia mlangoni ikivua koti. Suti ndiyo aliyoijua: kitambaa chake, vifungo vyake, ubishi wake wa bei. Basi akachukua chaki akaanza kubadilisha kila kitu kuwa suti. Madirisha yakawa suti za maharusi na wasindikizaji wao wote. Bati likawa suti za kwaya, sauti zote nne, na mwalimu wao. Korido peke yake ilikuwa suti kumi na tisa. Pindo alitulia akaitazama hesabu hiyo, akawaona wanaume kumi na tisa wamesimama foleni katika korido yake, wote wamependeza.

Alipojumlisha, ilionekana kwamba ili kujenga nyumba ile angehitaji kuuvalisha mji mzima, pamoja na waliokwisha kufa.

"Kuna kitu lazima kitoke," alisema mchora ramani, walipokutana wote ofisini kwake chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa kujisikia. "Na mimi ningeanza na korido. Korido unaijengea msingi, unaijengea kuta, unaiwekea sakafu, unaiezeka. Halafu hulali humo. Huli humo."

"Kola ya shati nayo hulali humo," alisema Pindo. "Lakini jaribu kuvaa shati bila kola uende kuomba mkopo."

Familia ilirudi nyumbani kulijadili. Kila mmoja alikuwa na kitu chake katika ramani ile. Mke alitaka jiko ambalo watu wawili wanaweza kupishana bila kuombana radhi. Binti, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa shule na mchoyo wa maneno, alitaka mlango wenye ufunguo. Mama mkwe alitaka mlango wake mwenyewe wa kutokea nje, kutoka chumbani kwake moja kwa moja, kwa sababu, alisema, amefika umri wa kutoka bila kuulizwa anakwenda wapi.

"Sasa tazama, mkwe wangu," alimwambia Pindo kwa upole wa mtu anayeshinda. "Mimi naomba mlango. Mwenzako anaomba jiko. Mtoto anaomba ufunguo. Vyote hivyo vina kazi. Hiyo korido yako, ukiwa umeshajenga, utakuwa unafanya nini humo?"

"Nitakuwa natoka chumbani, mama, nakwenda sebuleni."

"Na bila korido?"

"Bila korido nitakuwa nimetoka chumbani niko sebuleni."

"Si ndiko ulikokuwa unakwenda?"

Binti alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mke alisema mtu hujikuna ajipatapo, na wote wanne walijua mkono wao unafika wapi.

Pindo hakukata tamaa siku hiyo. Alikaa na ramani juu ya meza ya kukatia akajaribu kuibana. Alikwisha kuwabana watu wazito kuliko nyumba. Alichukua vidole viwili sebuleni, kidole kimoja kila chumba, akapunguza jiko kidogo pembeni mahali ambapo mkewe asingeona haraka, akapata korido nyembamba yenye heshima. Akampelekea mchora ramani.

"Fundi," alisema yule kijana, akiisha kuitazama kwa muda, "nyumba haina kiuno."

"Kila kitu kina kiuno. Ni kukitafuta."

"Hapa choo kimeingia ndani ya kabati."

Basi korido ikatoka. Ramani mpya ilikuwa fupi, ya mraba, na ya busara. Vyumba vyote, pamoja na bafu, vilifungua milango yao sebuleni, kama watoto waliozunguka sahani. Hesabu ilikaa sawasawa na fedha zilizokuwepo, na ikabaki kidogo ya umeme. Mke aliitia sahihi. Pindo naye akaitia sahihi, kwa mwandiko wa mtu anayepokea mzigo uliovunjika.

Alibakisha sharti moja. Nyumba ile ingepigwa bandi kwanza. Familia ingeivaa, ingeketi nayo na kuinua mikono, kabla ya jiwe la kwanza kushuka. Hakuna aliyemkatalia. Walikuwa wamemnyang'anya korido. Ilikuwa vigumu kumnyang'anya na chokaa.

Jumapili moja asubuhi alitangulia kiwanjani na vigingi, kamba na mfuko wa chokaa, akaichora nyumba nzima chini kwa ukubwa wake kamili. Kazi ilikuwa safi sana. Kuta zote zilinyooka, milango iliachwa wazi, na kila dirisha lilipewa jiwe lake. Kuizunguka nyumba yote kulikuwa na mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, hatua moja ya mtu mzima kati yao. Mkewe alipofika akauliza wa pili ni wa nini.

"Ule wa ndani ndio ukuta," alisema Pindo, akijipangusa mikono. Lilikuwa jibu sahihi, lakini nusu.

Sheria aliwatajia mlangoni. Mtu asipite ukutani. Mtu akitaka kuingia chumba, atafute mlango.

"Na nikitaka kutazama nje?" aliuliza binti.

"Dirisha lako liko pale penye jiwe."

"Baba, mimi naona kila mahali."

"Jifanye huoni."

Binti akaingia chumbani kwake, akageuza ufunguo hewani mara mbili, akaketi chini na simu yake, na hakusikia tena alichoitiwa. Mke alipanga sufuria katika jiko na kupishana na Pindo mara kadhaa, hawakugusana, akaridhika. Mama mkwe alifungua mlango wake wa nje, akatoka, akaenda mpaka kwenye kichaka, akarudi, na hakuna aliyemuuliza. Uso wake ulikuwa umetakata. Kisha akasema anakwenda kujaribu bafu.

Hapo ndipo alipofika jirani wa kiwanja cha pili, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa ameona watu wanatembea kwa kona kona katika eneo tupu akaona ni ujirani mwema kuja kuuliza kama kuna tatizo. Mke, kwa mazoea ya kazi, alimkaribisha kabla hajafikiri.

"Karibu sana, mwalimu. Pita mlangoni, tafadhali. Hapana, huo ukuta. Kushoto kidogo. Karibu, keti."

Mwalimu akaketi sebuleni juu ya ndoo iliyoinamishwa. Kutoka pale alimwona mama mkwe amesimama peke yake, hatua chache mbele yake, ndani ya mraba mdogo, amempa mgongo.

"Shikamoo, mama," alisema mwalimu.

Mama mkwe hakujibu.

"Mama hajambo kweli?"

"Hajambo," alisema Pindo. "Anaoga."

Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa adabu zake, aligeuka juu ya ndoo akatazama upande mwingine, na akaanza kusimulia habari za pensheni yake. Ilikuwa na historia ndefu. Kulikuwa na faili lililopotea, faili lililopatikana likiwa la mtu mwingine, na karani aliyekwenda likizo na muhuri. Jua lilipanda. Mama mkwe aliendelea kusimama bafuni, kilemba kimenyooka, macho yameelekezwa karakana ya mabasi. Mara mbili Pindo alimwona anageuza kichwa kidogo kupima kama mgeni anaaga, na mara mbili alimwona anakirudisha. Mlango wa bafu ulikuwa unatazamana na ndoo ya mwalimu uso kwa uso.

Mwalimu alipoondoka mwishoni, akiwa ametafuta mlango kwa uangalifu mkubwa, mama mkwe alitoka ameloa jasho kuliko mtu aliyeoga kweli.

"Mama, si ungetoka tu?" alisema mke. "Ni chokaa."

"Nitoke vipi na mwanamume yuko sebuleni?" Aliketi juu ya ndoo. "Bafu gani hili la kumtoa mtu mbele ya wageni?"

Pindo alifungua mdomo.

"Usiseme korido," alisema mke.

"Sijasema."

"Tutaweka pazia. Pazia hatununui, fundi tunaye."

Ndivyo ilivyokubaliwa. Mvaaji mmoja alikuwa amesema inapobana, na jibu likawa kiraka. Pindo aliona ni kazi mbovu, lakini fedha zilikuwa zimekwisha kupangwa mpaka ya mwisho, na yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wateja wote wa mji ule kwamba kitambaa kikiisha kimeisha.

Siku mbili tatu baadaye mwashi alianza kuchimba msingi. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye simu ndogo iliyofungwa kwa mpira, na alikuwa ameambiwa na Pindo mwenyewe aiache ramani afuate chokaa. Kabla ya sururu ya kwanza alipiga simu. Ilimkuta Pindo dukani ameinama juu ya kitambaa cha kijivu cha bei, mkasi mkononi, pini tatu mdomoni.

"Fundi, hapa kuna mistari miwili. Nifuate upi?"

Mkono wa Pindo ulikuwa umekwisha kuanza kukata, na ni mkono uliojibu. "Kata wa nje," alisema kati ya pini. "Wa ndani ni wa kushona."

 Mwashi alikuwa amejengea watu wengi katika maisha yake, wakiwemo mchungaji na mwanasiasa, na alikwisha kujifunza kutouliza swali la pili. "Sawa," alisema, akachimba wa nje.

Aliyejua kwanza kwamba kuna jambo alikuwa mke, kwa sababu ndiye mwenye mfuko. Mawe yaliisha mapema. Kisha saruji nayo ikaisha mapema. Mwashi alipoomba lori jingine, mke aliomba ruhusa kliniki, akampitia mchora ramani, akampitia na mumewe, na mama mkwe akasema hawezi kubaki nyumbani wakati watu wanakwenda kugombana.

Mchora ramani alivuta utepe wake wa chuma upande mmoja. Akauvuta tena. Akavua miwani, akaifuta, akauvuta mara ya tatu.

"Nyumba imezidi hatua moja kila upande," alisema.

Mwashi akaeleza mazungumzo ya simu, neno kwa neno, bila chuki. Wote wakamgeukia Pindo. Naye alikuwa anatazama mtaro, na taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme, alikuwa anaona alichokifanya.

"Niliacha ziada ya mshono," alisema.

"Kwenye nyumba?" aliuliza mchora ramani.

"Mkono ndio ulioacha. Shati huachiwa vidole viwili. Nyumba nikaona ni kubwa."

"Lakini kwa nini, fundi?"

"Mtu akinenepa?"

"Nyumba hainenepi."

"Familia hunenepa," alisema Pindo, kwa sauti ndogo, na hata yeye aliona jibu hilo halisaidii.

 Mke alivuta pumzi kwa namna ambayo kule kliniki hutangulia kung'olewa jino. Ndipo mwashi, ambaye alikuwa amengoja nafasi, alipoleta habari nafuu. Pande tatu zilikuwa bado ni mtaro mtupu. Udongo ungerudishwa, mtaro mpya ungechimbwa kwenye mstari wa ndani, yeye angefanya hivyo kwa bei ya ujirani. Upande wa nyuma tu ndio uliokuwa umekwisha, mawe na zege mpaka juu, kwa kuwa lori lilimwaga mawe yake huko. Huo kuubomoa ni gharama kuliko kuuacha.

"Basi tuuache," alisema mchora ramani, na akaanza kuhesabu kwa kidole hewani. "Kuta za ubavuni zitarefuka kidogo. Bati litaongezeka kidogo. Fedha ya umeme inaweza kubeba hayo. Umeme mtaingiza baadaye. Mtakuwa mmepata ukanda wa hatua moja nyuma ya nyumba, kutoka pembe hii mpaka ile." Kidole kikasimama hewani. Ilikuwa dhahiri kwamba kuna neno halitaki litoke kinywani mwake.

"Endelea," alisema mke.

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, hatujengi chochote hapo kati. Vyumba vya nyuma vinakuwa vikubwa zaidi, na jiko linakuwa kubwa zaidi, bure. Njia ya pili, tunajenga ukuta wa ndani ulipokuwa umechorwa, tunaihamishia milango ya vyumba na bafu upande huo, halafu ule ukanda unakuwa..."

"Tumeelewa unakuwa nini."

"Lakini ukuta una gharama. Na fedha hiyo haipo."

 Pindo alijua kwamba mtu aliyeharibu kitambaa cha mteja hatakiwi kuomba vifungo vya dhahabu. Alisogea mpaka nyuma ya msingi, akaingia kati ya mawe na ule mstari wa chokaa uliokuwa umebaki, akaweka mikono mgongoni, akatembea. Alifika pembe ya mwisho, akageuka, akarudi. Viatu vyake vilikuwa na udongo na havikutoa sauti yoyote. Mke alikuwa amesimama katika jiko lake, akilipima kwa macho: na hatua nzima ya ziada, watu watatu wangepishana humo, na kabati lingeingia. Alimtazama mumewe anapita. Akalitazama jiko. Akamtazama tena anarudi, mtu mzima mwenye futi shingoni, amenyooka kama yuko kwenye gwaride.

"Mlango wangu wa nje ni bei gani?" aliuliza mama mkwe.

Mchora ramani alifunua kurasa. "Wa chuma, na fremu, na kufuli, na kibaraza chake... Si mdogo, mama."

"Ufute. Jenga huo ukuta."

"Mama," alisema mke, "mlango huo umeudai tangu hatujanunua kiwanja."

"Nitatokea mlango wa watu wote. Mkiniuliza nakwenda wapi nitawadanganya. Lakini mimi kusimama bafuni namngoja mwalimu amalize mambo ya pensheni, hiyo haitatokea mara ya pili. Nikitoka kuoga nipite nyuma, kimya kimya, niende kwangu."

Wote walimtazama mke, kwa sababu jiko lilikuwa lake. Alilitazama jiko mara ya mwisho.

"Ombi limekubaliwa," alimwambia Pindo mwishoni. "Na usinitabasamie. Bado nimekasirika."

Mwashi alipiga hesabu ya tofali kwa bei ya mlango, akatikisa kichwa. Ukuta usingefika juu. Ungefika kama begani kwa fundi, labda zaidi kidogo, na kumaliziwa fedha ikipatikana.

"Begani kwa fundi ni wapi kwangu?" aliuliza mama mkwe.

"Karibu na kichwa, mama."

"Karibu? Hela ni yangu. Ukuta upimwe kwangu."

Basi Pindo akaivua futi shingoni, akapiga goti, akampima mama mkwe wake kutoka kisigino kwenda juu, kama alivyokuwa amewapima mahakimu. Alipofika utosini akasimamisha kidole.

"Pima na kilemba," alisema mama mkwe.

"Kilemba hiki au cha Jumapili?"

"Cha Jumapili."

Mwashi aliondoka na kipimo hicho kichwani, akajenga ukuta ule kwa uaminifu, wala tofali halikuzidi wala kupungua. Ni baada ya kumaliza ndipo ilipoonekana kwamba Pindo hakuwa amefikiria jambo moja, ambalo kitambaa hakimfundishi mtu: ukuta nao una unene. Tofali lilikuwa limejichukulia sehemu yake, na korido ikabaki ya mtu mmoja, tena mtu asiyebeba sinia.

Walihamia kabla ya umeme na kabla ya rangi. Wiki ya kwanza mwalimu mstaafu alikuja kuwapongeza. Safari hii aliketi kwenye kiti, sebuleni, akitazamana na ukuta mpya, akaanza kumweleza mke kwamba faili limeonekana. Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha Fundi Pindo, kimenyanyuka, kimetulia, kinatoka pembe ya kushoto kuelekea kulia, na ndala zake zinasikika pa, pa, pa juu ya saruji. Mwalimu alinyamaza kwa heshima ili kipite.

Hakikupita. Kutoka upande wa kulia kulisikika mlango wa bafu, kisha ndala nyingine, ndogo, za haraka, na juu ya ukuta hakukuonekana kitu isipokuwa ncha ya taulo iliyozungushwa kichwani, inakuja.

"Nani huyo amesimama njiani?" iliuliza sauti nyuma ya tofali.

"Ni mimi, mama."

"Ukuta huu ni wa nani?"

Kichwa cha Pindo kilifikiri kidogo. Kisha kikainama, kikaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, mpaka kilikotoka.